Nionyesheni Karatasi za Alama



Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumikia masijala. Mtu wa masijala hapitishi maamuzi. Hupokea karatasi, huigonga muhuri, huipa namba ya folio, huifunga kwenye jalada lake, na siku ikitakiwa huileta. Kwa hiyo nitazungumza kuhusu karatasi, tena karatasi za aina moja tu.

Miaka kadhaa nyuma, katika ofisi ambayo sitaitaja, lililetwa mezani kwangu jalada la mashindano ya ruzuku kwa vikundi vya wananchi. Tangazo lilikuwa limebandikwa ubaoni, vikundi vikaleta maandiko ya miradi, jopo la watu watano likakaa siku mbili kuyasoma na kuyapa alama. Kazi yangu ilikuwa kuzipanga karatasi zile na kulifunga jalada. Katika kuzipanga, kidole changu kikagusa kitu kigumu kama gamba. Ilikuwa ile rangi nyeupe ya kufutia. Alama ya jumla ilikuwa imepakwa, na juu yake imeandikwa 58 kwa wino wa rangi nyingine. Nikaigeuza karatasi, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kwa nyuma ilisomeka 76.

Siwezi kuwaambia kwamba pale palifanyika wizi. Mtathmini ana haki ya kubadili mawazo baada ya kujadiliana na wenzake. Lakini kila karani anajua namna ya kusahihisha hesabu kwenye hati ya serikali: unakata kwa mstari mmoja ili ya zamani iendelee kusomeka, unaandika mpya pembeni, unatia saini na tarehe. Hapa hapakuwa na saini wala tarehe, na muhtasari wa kikao haukuwa na neno hata moja kuhusu badiliko hilo.

Kikundi chenye karatasi ile kilikosa ruzuku. Mwenyekiti wake, mama wa makamo mfuga nyuki, alikuja dirishani kwangu mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, “Mwanangu, hizo hela mimi nimeshazisamehe. Nataka tu kujua tulipokosea, tusirudie mwakani.” Jalada lilikuwa kabatini nyuma yangu, hatua nne. Mkuu wangu alikwisha kuniagiza nimjibu kwamba barua aliyopewa inatosha. Barua yenyewe ilikuwa na mistari mitatu: waombaji walikuwa wengi, ushindani ulikuwa mkali, tunawatakia mafanikio. Nikamjibu kama nilivyoagizwa. “Haya baba, ahsante,” akasema, akaikunja barua yake, akaondoka.

Jambo hilo nimekaa nalo moyoni tangu siku ile, na ndilo lililonileta hapa. Ninachodai ni kimoja: yeyote anayegawa fedha za umma kwa njia ya mashindano ana wajibu wa kuonyesha alama zilivyotolewa. Orodha ya washindi haitoshi. Vigezo vilivyochapishwa kwenye tangazo navyo havitoshi. Vigezo ni ahadi, na orodha ni matokeo. Kazi yenyewe ya kuchagua imo katikati, kwenye karatasi ya mtathmini mmoja mmoja, kabla hazijajumlishwa na kuchapwa jedwali safi la kupelekwa kwa mkubwa. Jedwali la majumuisho halina rangi nyeupe. Ndiyo maana ofisi nyingi hazina shida ya kukuonyesha jedwali.

Najua wapo watakaoniambia kwamba huu ni wasiwasi wa nchi zetu, na kwamba walioendelea hawana matatizo hayo. Basi nitawapeleka Sweden.

Sweden ina sheria ya uhuru wa uchapishaji tangu mwaka 1766, enzi ambazo Finland ilikuwa bado sehemu yake. Kasisi mmoja kutoka upande wa Finland, Anders Chydenius, ndiye aliyeipigania sana bungeni. Sheria ile haikuishia kuwaachia watu wachapishe. Iliwapa pia haki ya kuzisoma hati za serikali ofisini zilimo. Mpaka leo Mswidi anaweza kuingia ofisi ya umma akaomba hati, na kwa kawaida haulizwi jina lake wala sababu ya kuitaka. Inapata miaka 260 ya uzoefu wa kufungua makabati.

Lakini hata huko kulikuwa na kabati moja lililobaki na kufuli. Baraza la Utafiti wa Tiba la nchi hiyo lilikuwa likigawa nafasi za utafiti kwa watu waliomaliza shahada ya uzamivu, kwa fedha za serikali na kwa ushindani. Waombaji walipewa alama na wanasayansi wenzao, na baraza lilishikilia kwamba alama zile ni mambo yake ya ndani. Wanasayansi wawili wanawake wa Chuo Kikuu cha Göteborg, Christine Wennerås na Agnes Wold, hawakukubali. Walidai karatasi. Shauri likafika Mahakama ya Rufaa ya Utawala, na mwaka 1995 mahakama ikaamua kwamba alama zile ni hati za umma kama hati nyingine zozote. Kabati likafunguliwa.

Naomba tukae hapa kidogo, maana walichokikuta ndicho kinachonipa ujasiri wa kusema ninayoyasema.

Mwaka ule wa mashindano waombaji walikuwa 114: wanawake 52 na wanaume 62. Nafasi zilikuwa 20. Wanaume walichukua 16, wanawake 4. Hayo yote mtu angeweza kuyapata kwenye orodha ya washindi, na hapo mjadala ungeishia kwa mmoja kusema wanawake wameonewa, mwingine akasema labda walioomba mwaka huo hawakuwa hodari, na kila mtu akarudi nyumbani na imani yake. Karatasi za alama ziliwapeleka mbele ya hapo. Kila mwombaji alikuwa amepewa alama kuanzia 0 mpaka 4 katika mambo matatu: uwezo wake wa kisayansi, ubora wa mbinu za utafiti, na umuhimu wa mada. Wanawake walipewa pungufu katika yote matatu, na zaidi katika uwezo.

Sasa uwezo wa mtafiti unaweza kupimwa pia kwa njia nyingine. Kila mwombaji alikuwa na makala zake zilizochapishwa. Wennerås na Wold wakazihesabu, wakazipa uzito kufuatana na hadhi ya majarida zilimotoka, kisha wakaziweka kando ya alama za jopo. Watu wenye machapisho sawa walitakiwa wawe na alama za uwezo zinazokaribiana. Hazikukaribiana. Mwanamke alihitaji kuwa na machapisho yenye uzito wa mara 2.5 ya mwanaume wa kawaida ili apewe alama ya uwezo sawa na yake. Kundi la wanawake waliokuwa na machapisho mazito kuliko wenzao wote, wale wenye pointi 100 na zaidi kwa kipimo hicho, ndilo kundi pekee la wanawake lililopewa alama zilizofikia za wanaume. Na alama zenyewe zililingana na za wanaume wa mkiani kabisa, wale ambao hawakufikisha pointi 20.

Lipo na la pili, ambalo nchi zetu zinalijua kwa jina lake: kujuana. Baadhi ya waombaji walikuwa na uhusiano na mjumbe fulani wa jopo, pengine ni mwalimu wake, pengine wamefanya kazi pamoja. Kanuni ya baraza ilikuwa nzuri: mjumbe mwenye uhusiano na mwombaji asimpe alama. Na kanuni ilifuatwa. Mjumbe alikaa pembeni. Lakini wale waliobaki mezani wakampa mtu wa mwenzao alama za juu kuliko machapisho yake yalivyostahili. Hakuna aliyevunja utaratibu. Maslahi yalitamkwa, mjumbe akajitenga, na upendeleo ukapita uleule. Ukikagua utaratibu peke yake utatoa cheti cha usafi. Ilibidi mtu azione alama ndipo agundue.

Makala yao ilitoka katika jarida la Nature mwezi Mei 1997. Ni nchi iliyokuwa imetoka kutajwa na Umoja wa Mataifa kuwa ya kwanza duniani kwa usawa wa wanawake na wanaume. Sidhani kama watathmini wale walikuwa watu wabaya. Naamini wengi wao wangeapa, na kwa moyo safi, kwamba wanatazama kazi tu. Hilo ndilo linalonigusa zaidi: mtu anaweza kupendelea bila kujijua, na kitu pekee kitakachomwonyesha ni karatasi aliyoiandika kwa mkono wake, ikisomwa na mtu asiye na deni naye.

Na kwa kuwa kabati lilibaki wazi, wengine waliingia baadaye kuangalia. Mwaka 2008 Ulf Sandström na Martin Hällsten walichapisha uchunguzi wa maombi ya utafiti wa tiba ya mwaka 2004 katika nchi hiyohiyo. Safari hii wanawake hawakuonekana kupunjwa. Alama zao hata zilizidi kidogo. Kujuana, hata hivyo, kulikuwa kungali pale pale. Yaani Sweden inaweza kusema kwa ushahidi ni donda gani limepona na lipi bado linatoa usaha. Sisi hapa tunaweza kusema nini kuhusu mifuko yetu? Tunaweza kusema kwamba tunasikia.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana nimezisikia zote kwenye vikao, na nyingine nilizisema mwenyewe.

Wanasema wazo la mwombaji litaibiwa. Hofu hii ina msingi pale mwombaji anapoeleza mashine au dawa ambayo hajaisajili, na sheria za kupata taarifa zinailinda siri ya biashara. Lakini isigeuzwe shuka la kufunikia kila kitu. Huko Marekani, asasi iliyoitwa Washington Research Project iliomba hati za miradi 11 ya utafiti iliyogharimiwa na serikali, ambamo watoto wenye matatizo ya tabia na ya kujifunza walikuwa wakipewa dawa za kubadili hali ya akili. Wizara ikakataa, ikisema mipango ya utafiti ni siri ya biashara ya watafiti. Mwaka 1974 Mahakama ya Rufaa ya Washington ikajibu kwamba mtafiti asiyefanya biashara hana siri ya biashara, na maandiko ya miradi iliyokwisha kupewa fedha yatolewe. Ila taarifa za watathmini wenyewe mahakama ileile iliziacha zifungwe, kwa hoja kwamba ni ushauri wa ndani kabla ya uamuzi. Nadhani hapo ilikosea. Mzazi wa mtoto aliyemeza dawa ile alistahili kusoma pia ni nani kati ya watathmini aliyekuwa na mashaka, na mashaka gani.

Wanasema tena kwamba watathmini wataogopa kusema kweli majina yao yakijulikana. Hii ndiyo pingamizi ninayoiheshimu kuliko zote, hasa katika mji mdogo ambako mtathmini na mwombaji wanasali safu moja. Lakini alama na jina ni vitu viwili. Jina linaweza kufunikwa, karatasi ikapewa namba, na hoja zikasomeka. Serikali ya Marekani ilifanya hivyo katika mashindano makubwa kuliko yote niliyowahi kuyasoma, na mfano huo nataka niueleze, kwa sababu una somo ambalo maofisa wenzangu hawalitegemei.

Mwaka 2009 bunge la nchi hiyo liliipa Wizara ya Elimu fedha za kushindaniwa na majimbo, mpango wao wakauita Race to the Top. Dola bilioni 4.35. Kila andiko lilisomwa na watathmini watano na kupewa alama kati ya 500. Baada ya matokeo, wizara iliweka hadharani maandiko, karatasi za alama zenye namba ya mtathmini badala ya jina, maoni yao, na hata video za majimbo yalipoitwa kujieleza.

Agosti 24, 2010 yalitangazwa matokeo ya awamu ya pili. Washindi walikuwa kumi. Wa kumi, Ohio, alikuwa na alama 440.8. Wa kumi na moja alikuwa New Jersey, aliyeomba dola milioni 400, kwa alama 437.8. Amekosa kwa alama tatu! Mtu wa kwetu angeanza hapo hapo kutafuta mkono wa nani umepita. Lakini karatasi zilikuwa wazi, watu wakafunua, na haikuchukua muda wakaona zilikopotea: katika swali moja kuhusu fedha za elimu, jimbo lilitakiwa kulinganisha bajeti ya 2008 na ya 2009, lenyewe likaweka takwimu za 2010 na 2011. Likanyang’anywa alama 4.8. Kosa la karatasi moja.

Gavana Chris Christie alipandwa na hasira. Aliwaambia waandishi wa habari kwamba urasimu wa Washington ndio wa kulaumiwa, na kwamba kamishna wake wa elimu, Bret Schundler, aliwapa watathmini takwimu sahihi ana kwa ana siku ya kujieleza. Siku iliyofuata wizara ikatoa video. Watathmini wanaonekana wakiuliza takwimu za miaka ile, na ujumbe wa New Jersey unaonekana ukipekua makaratasi bila kuwa nazo za kuwapa. Kesho yake Christie akamfukuza kazi Schundler.

Tazameni ni nani aliyeokolewa hapo na uwazi. Ni wizara! Bila video ile, neno la gavana lingebaki dhidi ya neno la watathmini, na wizara ingeshukiwa mpaka leo. Ndiyo maana nawaomba maofisa mliomo ukumbini msilione ombi la mwananchi kama shambulio. Kama mmetoa alama kwa haki, karatasi ndiye shahidi wenu, na shahidi aliyefungiwa kabatini hawezi kuwatetea.

Turudi nyumbani. Tanzania Bara tunayo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, iliyojengwa juu ya ibara ya 18 ya Katiba. Raia anaomba kwa maandishi, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Sheria haikuishia kwenye ofisi za serikali. Inazigusa pia taasisi binafsi zinazotumia fedha za umma. Jirani zetu Kenya walitunga sheria yao mwaka huohuo wa 2016, juu ya ibara ya 35 ya Katiba yao, na katika mawili wametutangulia: siku zao ni 21, na sheria inatamka waziwazi kwamba haki ya mwombaji haiathiriwi na sababu anayoitoa wala na ile ambayo ofisa anadhani anayo. Anayekataliwa huko anakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Pande zote mbili upo mfuko wa taifa wa kugharimia utafiti kwa ushindani, na ipo mingi midogo ya vijana, wanawake, wasanii na wakulima. Kwa hiyo mlango wa kisheria upo.

Kinachotukwamisha ni namna tunavyoomba. Nimepokea barua za maombi ya taarifa, na nyingi huandikwa hivi: “Tunaomba kujua sababu za kutoteuliwa kwetu.” Ndugu zangu, ukiomba sababu utapewa sababu. Ofisa atakaa aitunge, na itakuwa ileile mistari mitatu. Usiombe maelezo ambayo bado hayajaandikwa. Omba hati ambayo tayari ipo. Andika jina la mashindano na mwaka wake, halafu sema: naomba nakala ya karatasi ya alama ya kila mtathmini kwa andiko letu, majina yao yakifunikwa ikilazimu, naomba jedwali la majumuisho la waombaji wote, naomba muhtasari wa kikao cha jopo na fomu za kutamka maslahi, na kama alama yoyote ilibadilishwa, naomba iliyotangulia na iliyofuata. Omba na namba za folio. Karani akiona mtu ameomba folio, anajua huyu hatapewa jedwali akaridhika.

Na omba mapema. Jalada lina umri wake. Linafungwa, linapelekwa stoo, na muda uliopangwa ukifika linateketezwa kihalali, kwa kibali na kwa saini zote. Kwa Wennerås na Wold, karatasi zilikuwa bado zipo walipozitaka. Hata sheria nzuri namna gani, haiwezi kukurudishia majivu.

Kwa upande wa ofisi, nitasema moja tu, nalo ni la mtu wa masijala. Karatasi ya alama ipewe folio siku ileile mtathmini anapoinuka mezani, kabla kikao cha majumuisho hakijaanza. Ikishaingia kwenye jalada ikiwa na namba, atakayetaka kubadili alama atalazimika kuandika karatasi nyingine, na zote mbili zitakaa humo. Haina gharama. Ni muhuri na kalamu.

Yule mama sikumwona tena. Nilipostaafu nililiangalia jalada lile kwa mara ya mwisho. Lilikuwa limekwisha kupelekwa stoo, likisubiri zamu yake. Karatasi yao ni folio ya 27. Niliitoa, nikaenda nayo dirishani. Rangi nyeupe imeanza kupasuka pembeni, na kwa nyuma 76 inasomeka vizuri zaidi kuliko zamani.